Maswali ya Wasomaji: Vinengenenge wa Taita na Vinengenenge wa Upare

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa sayansi wilayani Same. Tulipanda na wanafunzi hadi ukingoni mwa msitu wa Chome, hapa Upare Kusini, tukakuta kundi la vinengenenge, wale ndege wadogo wenye pete nyeupe kuzunguka jicho, wakirukaruka kwenye mti uliotoa maua. Kitabu tulicho nacho maktabani kinasema hawa na wale wa Milima ya Taita, kule Kenya, ni ndege mmoja. Programu ya simu yangu inasema ni aina mbili. Kijana mmoja akaniuliza: kama ni mmoja, mbona wa Taita wanatangazwa kuwa wako hatarini na sisi huku tunawaona makundi kwa makundi? Nikamwambia nitauliza. Tufuate kitabu au simu?* — Mwalimu, Same

Marahaba, mwalimu wangu. Fuateni simu. Si kawaida yangu kusema hivyo, maana programu hizo zimewahi kuniambia kuku wa jirani yangu ni kanga, lakini safari hii ziko sawa.

Kitabu chenu nacho hakikudanganya kwa wakati wake. Ndege wa Taita alipewa jina la kitaalamu mwaka 1935, *Zosterops silvanus*, na Peters na Loveridge. Wa Upare Kusini alipata lake miaka hiyohiyo, *Zosterops winifredae*, kwa heshima ya Winifred Moreau, ambaye mumewe Reginald alikuwa mtafiti kituo cha Amani kule Usambara. Kwa hiyo tangu mwanzo waliandikwa wawili. Baadaye wataalamu wakaona vinengenenge wa milimani, kuanzia Ethiopia hadi kaskazini mwa Tanzania, wanafanana mno, wakawatia wote kapu moja na kuwaita *Zosterops poliogastrus*. Vitabu vingi vilivyo kwenye makabati ya shule vilichapwa zama hizo za kapu moja.

Kapu likapasuka vinasaba vilipoanza kuchunguzwa. Utafiti wa Cox na wenzake, uliotoka mwaka 2014, ulionyesha kwamba hawa wa milimani si ukoo mmoja uliotawanyika kwenye vilele. Baadhi yao wana undugu wa karibu zaidi na vinengenenge wa nyikani kuliko na wenzao wa mlima wa pili, hata kama mlima huo unauona kwa macho asubuhi isiyo na ukungu. Kufanana kwao kumetokana zaidi na kuishi mahali panapofanana. Na hawa ni ndege wepesi wa kubadilika: jenasi yao nzima ya *Zosterops*, ambayo imesambaa Afrika, Asia na hadi visiwa vya Pasifiki, imezaliana aina zake zote katika muda usiozidi miaka milioni 2 hivi. Kwa hesabu za ndege hiyo ni juzi tu.

Mchoreeni kijana ramani ubaoni, ataelewa haraka kuliko kwa maneno yangu. Upare Kusini yuko *winifredae*, tumbo la kijivu. Panda gari hadi Mwanga, uingie Upare Kaskazini: kinengenenge wa huko ni yule wanayemwita *mbuluensis*, tumbo la njano, na huyohuyo utamkuta Longido na Mbulu. Kilimanjaro yuko mwingine tena. Shuka kusini uvuke kwenda Usambara, utakuta wenye tumbo la njano. Halafu ruka nyika yote ya Mkomazi na Tsavo, kama kilomita 100, ufike Taita, ndipo unapokutana tena na tumbo la kijivu. Mtu wa Usangi na mtu wa Gonja wote ni Vaasu, yaani Wapare, wanaoana na kuzikana. Ndege wao hawahusiani kiasi hicho.

Sasa kuwatofautisha wa Taita na wa kwenu. Kitambulisho cha kwanza ni mlima wenyewe. Hakuna mahali hata pamoja duniani ambapo utawakuta wote wawili, kwa hiyo ukiwa Chome, huna haja ya kujiuliza kama ni wa Taita. Wote wana mgongo wa kijani, koo la njano, tumbo na mbavu za kijivu, na njano kidogo tena chini ya mkia. Tofauti iliyo wazi ni jicho. Wa Taita ana pete nyeupe pana mno kuzunguka jicho, pana kiasi kwamba hata akiwa juu mtini, na kope zako zimejaa ukungu, cha kwanza kuona ni ile pete. Ya huyo wenu ni nyembamba.

Miaka ya ujana wangu nilikuwa msaidizi wa watafiti waliotega nyavu katika msitu wa Ngangao, juu ya Wundanyi, huku kwetu Taita. Ndege huyu ukimtoa wavuni unaanzia miguuni, kwa sababu ndiyo aliyoishikia uzi kwa nguvu zote, na huku anakutoboa vidole kwa mdomo mdogo uliochongoka. Mkononi ana gramu kumi na kitu tu. Hapo ndipo unaona pete ya jicho si ngozi: ni vinyoya vidogo sana vyeupe vilivyobanana, na kwa mbele, upande wa mdomo, duara limekatwa na kidoa cheusi. Ukimpuliza tumboni manyoya yanafunguka, unaona kama ana mafuta chini ya ngozi au amekonda. Akifungua mdomo kukulalamikia, utaona ncha ya ulimi imechanikachanika nyuzinyuzi. Ndiyo anayolambia mbochi ya maua. Unamvisha pete ya aluminiamu mguuni, unaandika namba, unafungua kiganja. Mara nyingi haruki papo hapo. Analala chali kidogo akikutazama, kisha anaondoka kwa hasira.

Tofauti nyingine ni sauti, na hii wanafunzi wako wanaweza kuifanyia kazi kwa simu zao. Vinengenenge hutembea kwa makundi na huitana muda wote wakiwa wanakula, mlio mfupi, mwembamba, wa kulalama. Husemann na wenzake walilinganisha milio hiyo ya kuitana mwaka 2014, wakakuta ndege wa milimani wanatofautiana sana kutoka mlima hadi mlima, ilhali wale wa nyikani, ambao hawana kizuizi cha kuwatenga, wanalia karibu sawa kote. Mama yangu ni wa Gonja, na kila nikienda kwa wajomba masikio yangu yananiambia mapema kwamba nimetoka nyumbani. Siwezi kuuandika mlio ule kwa herufi, wala sitajaribu. Rekodini wenu, mtafute na wa Taita mtandaoni, muisikilize kwa zamu.

Nimebakiza swali la kijana. Mwambie, kwanza, nani kamwambia wa kwenu wako salama? Na yeye yumo kwenye orodha ya ndege wanaotishiwa kutoweka duniani, ila ni daraja moja chini ya mwenzake wa Taita. Kila mmoja ana ugonjwa wake.

Wa Upare ana nyumba kubwa lakini ni moja. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome ina karibu hekta 14,000, na kilele chake, Shengena, kinapanda hadi karibu mita 2,460. Mtu aliyezoea misitu ya Taita akiingia mle anaona kama ametajirika. Lakini mle ndani mkulo, ule mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, ulipasuliwa mbao kwa miaka mingi na watu wa misumeno ya mkono, na bado mashina makubwa yanaonekana ukitembea. Moto nao hupanda kutoka mashambani wakati wa kiangazi. Milima hiyo pia ina boksiti, mawe ya madini ya aluminiamu, na kila nikisikia habari za boksiti nalala vibaya. Nje ya mpaka, kule Mamba Miamba, tangawizi inalipa vizuri, wala siwezi kumlaumu mtu anayesomesha watoto kwa tangawizi. Namwomba tu aache miti ya kandokando ya kijito.

Wa Taita anaishi kwenye viraka. Mbololo ni karibu hekta 200, Ngangao karibu 120, Chawia haifiki 100, na baada ya hapo unahesabu vishamba vya msitu ambavyo unaweza kuvizunguka kabla chai haijapoa: Fururu, Ndiwenyi, Macha, Mwachora. Kati yake ni mahindi, maharage, mikaratusi, misindano na nyumba za watu. Msitu wa asili wa Taita uliobaki ni sehemu ndogo mno ya ule wa mababu, na kukatwa kwake hakukuanza jana.

Kwa hiyo, mwalimu, wale mliowaona makundi kwa makundi ndio wote. Hakuna wengine nyuma ya mlima.

*Habari yako Bibi. Mimi ni bodaboda hapa Voi, lakini kwetu ni Rukanga, chini ya Kasigau. Nimesikia redioni ati kinengenenge wa Taita anaisha. Mimi kila nikienda nyumbani nawaona kwenye mipapai ya mama, wanatoboa mapapai hadi anawafukuza kwa mawe. Hawa watafiti wanalia nini?* — Msomaji, Voi

Salama, mwanangu. Kabla mama hajarusha jiwe jingine, tazama tumbo. Kama ni la njano, huyo ni kinengenenge wa nyikani, *Zosterops flavilateralis*, ambaye yuko kuanzia huko hadi karibu kila kichaka kikavu cha Kenya, na hana shida yoyote. Kama ni la kijivu na jicho limezungukwa na pete pana, basi ni mwenyewe, ameteremka kutoka mlimani kutafuta kitu kitamu.

Hapo kwenu ndipo pekee ninapopajua ambapo aina hizi mbili zinatenganishwa na mwendo wa asubuhi moja. Panda njia ya kuelekea kileleni. Chini ni migunga, mibuyu na joto. Njano tupu. Ukiendelea, miamba inaanza kulowa, kuvumwani na ndevu za miti zinatokea, unasikia baridi kwenye shingo, na mlio unabadilika. Hakuna aliyechora mstari, lakini upo. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hayapati kizuizi kingine mpaka yafike kwenye Kasigau, na kwa sababu hiyo mlima usiofika hata mita 1,700 unavaa msitu wa ukungu kichwani huku chini kukiwa nyika.

Kuhusu wingi umesema kweli kuliko redio. Mulwa na wenzake walihesabu ndege hawa wa Taita na Kasigau, wakachapisha mwaka 2007, na walichokuta ni kwamba walio wengi wako Kasigau, si kwenye Milima ya Taita inayowapa jina. Sisi wa Wundanyi hatukupenda kusikia hivyo. Lakini ukifikiri inaeleweka: Taita kuna udongo mzuri na maji, watu wakalima hadi kileleni, Kasigau juu ni mwinuko mkali na mawe, jembe halikufika. Msitu ukabaki mzima, na ndege wakabaki nao.

Watafiti wanachohofia ni kwamba huo mlima wenu umesimama peke yake, kama kilomita 50 kutoka Taita, na kati yake ni nyika ambayo ndege wa ukungu haivuki ovyo. Moto mmoja wa kiangazi ukipanda kutoka chini na kuukuta msitu mkavu, maelfu hao hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo watu wa Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe wanamlinda ndege wa dunia nzima kwa kitu kidogo tu: kutochoma ovyo na kutochunga mbuzi ndani ya msitu wa juu. Maji yenu ya bomba yanatoka hukohuko, kwa hiyo si kwamba mnamfanyia ndege hisani.

Na mama mwambie aache papai moja lililokwisha tobolewa libaki mtini. Watalimaliza hilo kabla ya kugusa jingine. Mimi nafanya hivyo kwa mapera, na sijapoteza mengi.

*Bibi, nasoma mambo ya wanyamapori Morogoro. Kama Kasigau ni tajiri wa ndege na Chome ina nafasi kubwa, kwa nini serikali mbili zisikubaliane kuwahamisha baadhi wa Kasigau waende Chome? Wakiisha Kenya, wabaki Tanzania.* — Mwanafunzi, Morogoro

Hapana.

Nikueleze kidogo maana utaandika mtihani. Chome tayari ina mwenyewe. Ukimpelekea mgeni anayekula chakula kilekile na kulala matawi yaleyale, matokeo yake ni mawili: agombane na mwenyeji, au wachanganye damu. La pili ndilo baya zaidi. Ukishachanganya huna tena wa Taita wala wa Upare, una ndege wa tatu uliyemtengeneza wewe, na wale wawili uliotaka kuwaokoa umewamaliza kwa mkono wako. Ongeza magonjwa: vimelea vya damu ambavyo ndege wa mlima mmoja amevizoea vinaweza kumwangusha wa mlima mwingine. Ukitaka kuona vimelea vinaweza nini, soma habari za ndege wa Hawaii na malaria ya ndege inayoenezwa na mbu wa kigeni. Aina nzima nzima zimekwisha kule, na msitu ukiwa bado umesimama.

Pili, wazo lako limejengwa juu ya lile kapu moja la kitabu cha mwalimu wa Same. Ulipokuwa unaamini ni ndege mmoja, mlima wa pili ulikuwa akiba ya wa kwanza. Sasa hauna akiba. Kila mlima unabeba wake, na Kenya ikimpoteza *silvanus*, hakuna idadi ya *winifredae* itakayojaza pengo. Ndiyo sababu mimi nalichukulia suala hili la majina kwa uzito, ingawa wapo wazee wenzangu wanaosema ni ubishi wa maprofesa.

Kama unatafuta kazi ya kufanya, ipo nyingine na haijajaa watu. Wa Taita amewindwa na wanasayansi kwa miongo, wamempima hadi kucha. Wa Upare ameandikwa kidogo sana. Chukua darubini, upande Chome, keti ukihesabu viota: kikombe kidogo kilichoning'inizwa kwenye pacha ya tawi, kimefungwa kwa utando wa buibui na kuvumwani. Andika mti gani, urefu gani kutoka chini, umbali gani kutoka ukingo wa msitu. Vibali utavipata kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Anza kuviomba mapema, maana karatasi zina mwendo wake.

*Asalaam Bibi. Nina shamba dogo hapa Wundanyi, si mbali na Ngangao. Nataka kupanda miti mpakani, fundi wa miche ananishauri mikaratusi kwa sababu inakua haraka na nguzo zina soko. Naweza kupanda kitu kingine ambacho ndege watakipenda nami nisife njaa?* — Mama wa Wundanyi

Waalaikum salaam, dada yangu. Fundi wa miche anakuuzia alicho nacho kitaluni. Mikaratusi usiipande karibu na chemchemi, hilo umelijua tangu utoto, na chini yake hakuoti kitu cha kumtuliza ndege wala mbuzi. Mstari mmoja upande wa barabara kwa ajili ya nguzo, sawa, sitakugombeza.

Kwa mpaka mwingine changanya. Mgrevilea si mti wetu lakini una kuni, mbao, na maua ya rangi ya chungwa ambayo vinengenenge na chozi hawayaachi. Nimewaona wakiyamaliza huku mwenye shamba akinywa uji chini. Weka mshai mmoja mmoja kati yake, unarutubisha udongo na kivuli chake ni chepesi, mahindi hayaudhiki. Bondeni weka mzambarau wa mwitu na mkuyu. Mkuyu utakaa muda mrefu kabla ya kukupa kitu, lakini ukianza kuzaa, nenda ukakae chini yake alfajiri.

Shamba lako ukiliunganisha na la jirani, na la jirani yake, mpaka ukuta wa Ngangao, kinengenenge atavuka. Huyu si mwoga wa mwanga: hutoka ukingoni, huingia bustanini, huruka kutoka mti hadi mti alimradi pengo si pana. Hapo ana bahati kuliko ndugu yetu mwingine wa milima hii, *Turdus helleri*, ndege wa chini msituni ambaye ukimkatia miti hutulia kwenye kiraka chake na kuzeekea humo. Yule shamba lako halimsaidii. Huyu linamsaidia.

Miche ya asili iulizie kwa vikundi vya wanaopanda miti kandokando ya misitu, huwa wanayo ya mshai na mzambarau mwitu kwa wingi kuliko vitalu vya barabarani. Chukua iliyofika urefu wa goti, mifupi zaidi inaliwa na panya. Mashimo yachimbwe sasa, ili mvua ya vuli ikianza usiwe bado unatafuta jembe.